Gari Lisilo na Mkwe

Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa na mapenzi na mwanamume ambaye hakuwahi kukutana naye. Nasema mapenzi kwa sababu jina lingine sina. Mwanamume mwenyewe ni tajiri wa ng'ambo, mmoja wa wale wanaounda magari ya umeme na kusimama mbele ya kamera wakiapa kwamba karibuni hakuna mtu atakayeshika usukani tena. Mwalimu alimwita Kijana Wangu. Alikuwa akinipigia simu saa mbaya kabisa, mimi nimesimama kwenye kaunta ya duka langu la spea hapa Kambu, mikono imejaa grisi, madereva wa malori wananipigia kelele, naye anaanza bila hata salamu.

"Umesikia Kijana Wangu amesema nini?"

"Amesema nini tena, Mwalimu?"

"Amesema mwaka ujao."

Kila mwaka alisema mwaka ujao. Nilicheka. Sikujua kwamba mama huyu hakuwa anafuatilia habari za magari hayo kwa kujifurahisha tu. Alikuwa anangojea moja lije Tawa, kwake nyumbani, limchukue limpeleke hospitali kabla macho yake hayajazima. Nikikumbuka hilo hata leo hasira inanipanda, halafu huzuni, halafu hasira tena.

Alinifundisha Migwani, kule Kitui, kabla hajastaafu na kurudi boma la mume wake Tawa, upande wa Makueni. Wasichana wa Migwani tulimwogopa na kumpenda kwa kipimo kimoja. Alivaa gauni refu la kanisani na raba za kukimbilia, kila siku, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Alikuja shule na pikipiki yake kuukuu, gauni limefungwa kiunoni kwa leso, na akina mama waliokuwa wakichota maji walisimama kumtazama mpaka vumbi litulie. Chai hakunywa. Alikunywa maji moto matupu, akisema chai ni maji yaliyodanganywa.

Siku ya kutufundisha sheria ya kwanza ya mwendo alichukua mkokoteni wa jikoni, akaupakia mitungi ya maji mpaka ukalia, akausimamisha juu ya ule mteremko wa nyuma ya bweni, akauachilia. "Angalieni! Kitu kikianza kwenda hakitaki kusimama! Hakitaki kabisa!" Mkokoteni ukashuka, ukapita katikati ya sukuma wiki za mwalimu mkuu, ukalala kwenye ua. Mwalimu mkuu akatoka ofisini mbio, tai imerukia begani. Mwalimu wetu akamwonyesha kwa fimbo bila wasiwasi wowote. "Na huyo anayekuja, wasichana, ndiyo nguvu ya nje." Mimi nilipata swali hilo kwa mtihani wa mwisho na nililijibu nikicheka peke yangu hadi msimamizi akaja kuniangalia.

Kitu ambacho hakukivumilia ni woga. Ukikosea ubaoni alikupigia makofi, lakini ukikataa kwenda ubaoni ulisimama mpaka kengele. "Kosa ni jibu," alisema. "Linakuambia hapa hapana, jaribu pale. Mwoga hapati hata hilo." Ndiyo maana alimpenda Kijana Wangu. Siku moja, alinisimulia, tajiri huyo aliwaalika watu waone gari lake jipya likijiendesha, likaenda vizuri, vizuri, halafu likapanda ukingo likagonga nguzo mbele ya umati wote. Na yeye akacheka akapiga makofi. Mwalimu alinieleza jambo hilo sauti inatetemeka. "Huyo ndiye mwanafunzi niliyemtafuta Migwani maisha yangu yote. Nyinyi mlikuwa mnaogopa hata chaki."

"Asante, Mwalimu," nikasema.

"Wewe si sana. Wewe ulikuwa na kiburi, na kiburi kinasaidia."

Tuligombana sana juu ya magari hayo, na naomba nisiwe mnafiki hapa, mimi nilikuwa na sababu zangu. Duka langu linakula kwa makosa ya madereva. Mtu akifunga breki ghafla, akipanda tuta kama anaruka, akilazimisha gia, kesho yake yuko kwangu. Nikamuuliza, sasa gari likijiendesha kwa adabu, mimi nitamuuzia nani?

"Utauza macho yake," akasema. "Gari hiyo ina macho pande zote. Mawe ya Kambu yatayapasua na wewe utakuwa hapo umeketi na macho mapya kwa boksi."

"Na mbuzi? Kijana Wako amewahi kuona mbuzi wa Kambu? Mbuzi anaanza kuvuka, anafika katikati, anabadilisha nia."

"Hata wewe ulikuwa hivyo darasani, na nilikuelewa."

Nikamwambia basi barabara za huku haziwezi, vumbi, mashimo, punda. Hapo ndipo alinishika kabisa. "Punda!" akasema. "Umetaja mwenyewe. Mama yangu alikuwa akimpakia punda maji kisimani, anampiga mgongoni, punda anaenda nyumbani peke yake. Anapisha watu. Anajua pa kupita wakati wa mvua. Akifika anasimama mlangoni apakuliwe. Si uliona Migwani? Sisi Wakamba tulikuwa na hii kitu zamani, ni vile tu hakuna mtu alitupiga picha." Hadi leo nikiona punda amebeba mitungi peke yake barabarani nasikia sauti yake.

Simu yake ndogo ilijaa video za magari ya miji ya mbali. Alinunua bando kuliko vijana. Alijua gari gani limesimama kumpisha paka, gari gani limechanganyikiwa na mvua, gari gani limezunguka duara moja kama limepotelewa na akili. Akiona limefanya vizuri alipiga meza. Likikosea alisema, "Ni sawa, ni sawa, amejifunza," vile mama anavyosema mtoto akianguka. Jirani zake walidhani Kijana Wangu ni mtoto wake wa kuzaa aliyeko Amerika, na naye hakuharakisha kuwasahihisha.

Sasa, mwanamke wa namna hii ungetegemea amezitupa mila zote jalalani. Na kweli alizitupa. Mume wake alipofariki, alimzika haraka, akawafukuza ndugu waliotaka kukaa na kula wiki nzima. Mashamba alipogawa, binti yake Mwende alipata sehemu sawa na wavulana wa kaka wa mume, wazee wakanuna mpaka wakachoka. Akisikia mtu amesema njia fulani haipitwi jioni, aliipita jioni hiyohiyo akiimba. Ukimwambia jambo fulani ni mwiko, jibu lake lilikuwa moja: "Nionyeshe ushahidi."

Lakini nthoni aliishika kama mtu anayeshika kamba kisimani.

Wasiotoka Ukambani niwaeleze. Nthoni ni ile heshima ya aibu kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawakutani ana kwa ana. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wameiacha. Utawaona mtu na mama mkwe wake wamekaa meza moja wanakula nyama, wanapiga picha. Na hata wanaoishika bado wana njia ya kuilegeza, mkwe analeta mbuzi, wazee wanakaa, mambo yanapungua makali. Mwalimu wetu, yule wa pikipiki na mkokoteni, yeye aliishika yote.

Mkwe wake anaitwa Musyoka. Alimwoa Mwende, na Mwende baadaye akaenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, akimwachia Musyoka neno moja: mwangalie mama. Musyoka ni dereva wa teksi. Ana Probox nyeupe ambayo hulala kwenye stage ya Tawa ikingojea watu. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na ukimwuliza bei ya safari anaona haya kuitaja. Nilikuwa naye sokoni siku moja nikamwona Mwalimu anakuja upande wetu na kikapu. Alipoigundua ile Probox aligeuka, akaingia mlango wa kwanza aliouona, nao ulikuwa wa kinu cha kusaga mahindi. Akakaa humo ndani hadi Musyoka akapata abiria akaondoka. Alitoka mweupe kichwa mpaka raba.

"Mwalimu," nikamwambia, nikijizuia kucheka, "sheria ya ngapi hii?"

"Nyamaza," akasema, akapiga chafya.

Musyoka naye alimheshimu hivyohivyo. Akija bomani kuleta unga au maji alisimama nje ya lango, amegeuza mgongo, akaita, akaweka mzigo chini, akaenda zake. Maneno yao yalipita kwa mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi kwa simu. Mwambie Mwalimu mabati nimepata. Mwambie Musyoka asante, Mungu ambariki. Walikuwa wanaishi umbali wa kutupa jiwe, na maneno yao yanazunguka mpaka Kambu kwanza.

Halafu yakaja macho. Nilianza kuliona tatizo kwake nyumbani, tumekaa mlangoni tunachagua ndengu. Alikuwa anaacha mawe. Mawe makubwa, mtoto angeyaona. Nikayatoa kimyakimya nikidhani ni umri. Kumbe alikuwa tayari ameambiwa. Daktari wa kliniki ya macho alikuwa amemtajia jina la ugonjwa, presha ya macho, na Mwalimu alinieleza ugonjwa wenyewe kwa raha kabisa, kama somo. Maji yanaingia ndani ya jicho, hayatoki vizuri, yanafinya ule mshipa wa kuonea. Uwezo wa kuona unaanza kufa pembeni, unaingia katikati. Ukipotea haurudi. Dawa ya matone inazuia, lakini lazima upimwe mara kwa mara, na matone yakishindwa unafanyiwa upasuaji mapema.

"Kwa hiyo unaenda lini?" nikamuuliza.

"Nitaenda."

Kliniki ilikuwa mbali, safari ya kubadilisha magari njiani. Alienda mwanzoni. Siku moja akishuka hakuiona ngazi, akaanguka, nyonga ikaumia vibaya, na tangu hapo kupanda magari ya abiria kukamshinda. Pikipiki ndiyo kabisa, hata kuiangalia alikuwa anakunja uso. Alihitaji gari dogo, la kumchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Na gari hilo lilikuwepo, limeoshwa, limekaa stage, mwenyewe, Musyoka, anaomba kumbeba.

Sasa mtu atasema, si akodi lingine. Hata mimi nilisema. Kumbe sikujua stage ya Tawa. Hakuna dereva pale aliyekubali kumbeba. Si kwa ubaya. Walimwambia kwa heshima, mama, mkwe wako ana gari, sisi tukikubeba tumemvua nguo mwenzetu. Pesa ya mama mkwe wa mwenzao ilikuwa haramu kwao. Nikakasirika nikakodi gari hapa Kambu, nikaenda nalo mwenyewe mpaka Tawa, nikampeleka kliniki, nikamrudisha. Nilijiona nimemaliza kazi. Juma lilelile Mwende akanipigia kutoka Saudia analia. Stage nzima walikuwa wanamcheka Musyoka, wakimuuliza amemkosea nini mama mkwe hadi gari linatoka Kambu kumbeba. Aliacha kwenda kazini kwa aibu. Na Mwalimu, aliposikia, akanipigia na kunikataza.

"Usiwahi tena. Unataka nimpofushe mtoto wangu ili mimi nione?"

Musyoka hakukata tamaa. Alileta mbuzi, na si mbuzi wa utani, beberu wa maana, pamoja na wazee wa kuongea. Mwalimu akawapa maji moto, akawasikiliza nyuma ya mlango, akawarudisha na mbuzi wao. Kisha Musyoka akafanya jambo ambalo Tawa bado wanalisimulia. Alimpelekea fundi cherehani leso mbili, akashonewa pazia, akalifunga ndani ya Probox kati ya kiti cha mbele na cha nyuma. Abiria walipanda wakicheka, wakamuuliza kama huko nyuma kuna chumba cha kupanga. Akavumilia. Akanipigia simu: "Dada Ndinda, mwambie Mwalimu nimeweka pazia. Hataniona, sitamwona. Nitaendesha tu, hata kikohozi sitakohoa."

Nilimfikishia Mwalimu maneno hayo.

"Mwambie asante," akasema. "Mwambie pazia si ukuta. Nitasikia anavyopumua."

Hapo nilimjia juu. Nilimwambia maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake. Nilimwuliza ushahidi uko wapi, yeye aliyetutesa na ushahidi. Nilimwambia mtu anayejua mshipa wa jicho unavyokufa hana ruhusa ya kuwa mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu polepole, bila ukali wowote, na hapo nikajua nimeshindwa.

"Mama yangu alikuwa na mambo yake, Ndinda. Alitaka nilime, nikasoma. Alitaka niolewe karibu, nikaolewa huku. Alitaka nizae wengi, nikazaa mmoja. Kila kitu chake nilikivunja mbele yake, na nilikuwa na sababu nzuri kila mara. Alipokuwa anakufa aliniuliza, hata nthoni utaivunja? Nikasema hapana. Ni kitu kimoja tu aliniomba."

"Na macho?"

"Macho nina mpango."

Mpango wenyewe ndio huu. Nilipouelewa nilikaa chini kwenye gunia la boliti. "Gari isiyo na dereva," aliniambia, na sauti yake ilikuwa imechangamka tena, "haina mkwe. Unaona? Musyoka atainunua au ataikodi, iwe yake, stage wanyamaze, aibu yake iishe. Inakuja mlangoni peke yake. Naingia, naketi, hakuna mtu. Inanipeleka, inanirudisha. Mama yangu hajakosewa, Musyoka hajakosewa, daktari amefurahi. Ni Kijana Wangu tu anachelewa kidogo." Alikuwa ameipiga hesabu yote, kila mtu ametoshelezwa, kila kona imefungwa. Hesabu safi kabisa, ila ilikuwa inangojea kitu ambacho hakikuwa njiani kuja Tawa.

"Subira yavuta heri," aliongeza.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia.

Akakata simu.

Ndivyo tulivyoishi baada ya hapo. Matone alikuwa akitumiwa na Mwende kupitia kwa Musyoka, anayaweka langoni. Mengine alitia, mengine alisahau, na kipimo hakuna aliyechukua. Mwende alilia, mchungaji alimwendea, mimi nilipiga simu mpaka akaacha kuzipokea. Kila mwaka Kijana Wangu alitoka mbele ya kamera, na kila mwaka Mwalimu alipokea ahadi hiyo kama risala ya harusi. Sina ugomvi na yule tajiri. Hakujua kwamba kuna mama Tawa anayeahirisha kliniki kwa kutegemea maneno yake. Mtu jasiri husema mwaka ujao ili watu wake wafanye kazi usiku na mchana, na mara nyingine kweli kitu kinatokea. Lakini jicho halina hisa katika kampuni ya mtu. Mwaka ujao wa mhandisi na mwaka ujao wa mgonjwa si mwaka mmoja, na Mwalimu, ambaye alitufundisha kutochanganya vipimo, akavichanganya.

Mara ya mwisho niliyokwenda Tawa kumwona ilikuwa siku ya soko, jua la asubuhi. Nilimkuta amekaa nje ya jiko, mikono mapajani, gauni refu, raba miguuni, ya kushoto imevaliwa kulia na ya kulia kushoto. Nilisimama kidogo mbele yake. Uso wake ulikuwa umenielekea na hakuniona.

"Sema kitu," akasema. "Nimesikia lango."

"Ni mimi, Mwalimu."

"Ndinda wa kiburi. Kuja ukae." Akapapasa kiti kando yake, akakipangusa kwa kiganja. Nikakaa. Hakusubiri nimpe pole, alijua naileta. "Imeisha," akasema. "Hili la kulia lilienda zamani. La kushoto nilikuwa naona kama kwa tundu la ufunguo, halafu tundu likafungwa. Usilie, unanipigia kelele."

Nikajitahidi. Akanipa habari za magari, maana sasa alisikiliza redio tu. Huko ng'ambo katika miji fulani yameanza kubeba abiria kweli, wa kulipa, na mbele hakuna mtu ameketi. Si hata ya Kijana Wangu peke yake, wenzake pia. "Niliwaambia," akasema, na kwa dakika hiyo alikuwa yule wa Migwani, kidevu juu, ameshinda ubishi. "Niliwaambia yatakuja na mkacheka."

"Ulituambia, Mwalimu."

"Sikukosea gari." Kidevu kikashuka. "Nilikosea wakati. Nilikuwa nasema kosa ni jibu. Hili limenijibu nini sasa? Nimekaa hapa nalitafuta jibu lake silioni."

Jogoo alipita akichakura karibu na raba zake. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwambie Musyoka alete gari."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia.

"Na nthoni?"

"Nthoni iko kwa macho. Mimi simwoni sasa. Mtu ataoneaje aibu mtu hamwoni?"

Sijui kama wazee wangeikubali hesabu hiyo. Sijui kama mama yake angeikubali. Nilimpigia Musyoka, na alifika kabla sijamalizia kumbadilisha Mwalimu viatu. Alisimama nje ya lango amegeuza mgongo, kama miaka yote. Nikamshika Mwalimu mkono nikamtoa polepole, nyonga ikimsumbua, nikataka kumfungulia mlango wa nyuma. Akakataa. Akapapasa bodi ya gari kwa kiganja, mlango wa nyuma, ule mhimili wa katikati, mpaka akaupata mlango wa mbele, akaingia mwenyewe akaketi. Mimi nikakaa nyuma. Musyoka akaingia mwisho, akaufunga mlango taratibu, akashika usukani kwa mikono miwili bila kuwasha gari. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni.

"Dada Ndinda," akaniambia kwa sauti ndogo, "muulize Mwalimu anataka twende wapi."

"Niulize mwenyewe," Mwalimu akasema.

Ilimbidi Musyoka ajaribu mara mbili.

"Mwaitu," akasema, mama yangu, "twende wapi?"

"Hospitali nimechelewa. Wewe endesha tu."

Akawasha gari tukashuka kuelekea sokoni. Aliendesha kama mtu aliyebeba mayai wazi, akipunguza kwa kila jiwe. Tulipopita stage madereva wenzake walikuwa wamesimama kwa kikundi, mmoja ameinua mkono kupunga, akamwona aliyeketi mbele, mkono ukabaki pale juu. Hakuna aliyepiga kelele. Mwalimu alikuwa amekaa wima, mkanda kifuani, anasikiliza injini. Aliniambia bila kugeuka kwamba klachi inakaribia kwisha, na alikuwa sawa.

Tulipofika pale mteremko unapoanza aliniita.

"Ndinda. Yukoje?"

"Nani, Mwalimu?"

"Musyoka. Amemwoa mtoto wangu, amenilisha, amenichotea maji, na sijawahi hata siku moja kumwangalia usoni. Niambie yukoje."

Nikajisogeza mbele kati ya viti. Musyoka alikuwa anatazama barabara, hajiinamishi wala hajifichi. Nikamwambia ni mweusi, uso wa duara, mvi zimeanza pembeni. Nikamwambia ana alama ndogo juu ya nyusi, kama ya jiwe la utotoni. Ana masikio makubwa kidogo.

"Na macho?"

"Yana machozi, Mwalimu."

Mwalimu akageuka pale kitini, akamwelekezea uso wake wote, macho wazi, vile mtu anavyomwangalia mtu. Akakaa hivyo.

"Kumbe ningekuangalia tu," akamwambia. "Si ningekuangalia tu, Musyoka."